Bi Pimbi Aliyewachimbisha Wakubwa Mifereji

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, masufuria na majirani wa kugombana nao, kulikuwa na nchi iitwayo Maporomoko. Nchi hiyo ilikuwa na umeme. Ee, umeme! Usinikodolee macho, wewe uliyekaa karibu na mlango. Hadithi ni yangu, na mimi nimesema ulikuwapo.

Umeme wenyewe ulitoka kwenye gurudumu la mbao lililozungushwa na maji: kwichi, kwichi, kwichi. Gurudumu moja tu kwa nchi nzima! Msimamizi wake alikuwa Mzee Kiboko, na kazi yake kubwa, aliyojivunia mpaka mashavu yanatetemeka, ilikuwa kugawa.

"Mbuuu!" alivuma kutoka bwawani. "Zamu ya Majabalini!"

Hapo pimbi wote wa Majabalini walikurupuka. Huyu anapiga pasi, yule anachemsha maharage, mwingine anasaga mahindi, wote kwa pamoja, maana hakuna aliyejua zamu itakatwa saa ngapi. Na maskini Kobe! Zamu ikimkuta shambani, mpaka afike nyumbani keshasikia, "Mbuuu! Zamu ya Bondeni!" Kobe alikuwa na pasi mpya kabisa, na hajawahi kunyoosha hata leso.

Nyumba mpya ikijengwa, Kiboko alizifupisha zamu. Ikijengwa nyingine, alizifupisha tena.

"Nani kama mimi kwa kugawa?" alijisifu. "Hata Nguchiro anapata!"

Kuongeza gurudumu la pili hakukufikiria hata ndotoni. Gurudumu jipya lingetaka mfereji wa kulipa maji, mifereji ina mawe, na yeye alipenda tope laini. Mfalme Tembo naye hata neno mgao hakulijua. Kwake na kwa Kiboko ulikwenda waya mmoja wa peke yake, waya wa wakubwa, usiokatwa asubuhi wala jioni.

Sasa sogeeni. Huko Majabalini aliishi mjane mmoja, Bi Pimbi, mdogo wa kufunikwa na ungo. Alikuwa na binti mmoja tu, Sikuzani. Mtoto yule alikuwa na mikono, jamani! Aliunda feni kubwa. Akaunda pampu ya kurusha maji. Akaanza kuunda mashine ya kujua mvua kabla haijanyesha. Lakini kila alipowasha, pwii! Taa za Majabalini zote zikazimika, na majirani wakatoka nje na miiko mikononi.

"Sikuzani! Maharage yangu!"

"Sikuzani, mtoto wewe, unatuua!"

Siku moja binti akazifunika mashine zake kwa kanga, akafunga mzigo.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Ng'ambo ya ziwa, Mama. Kule wana magurudumu mengi. Ukitaka kuwasha, unawasha."

"Na mimi?"

Sikuzani akainama. "Mama, kichwani mwangu kumejaa vitu, na hapa nikiwasha kimoja namzimia jirani taa. Nimechoka kuomba radhi. Siku nitakapoweza kuwasha bila kuomba radhi, nitarudi."

Akaenda. Bi Pimbi akabaki anapika chakula cha wawili, halafu anakiangalia kikipoa. Jioni alipanda juu ya jiwe kutazama taa za ng'ambo, akachagua moja.

"Ile ya mwisho, ile ni yake," alijisemea. "Anafanya kazi. Sijui amekula?"

Kesho yake alichagua nyingine. Alimkumbuka mtoto wake mpaka kifua kinauma, na hakuwa peke yake. Mwana wa Mnana alikwishavuka ziwa, na mwana wa Kicheche pia, wote wenye mikono na vichwa. Nchi ilibaki na wazee na mgao.

Bi Pimbi akaenda kwa Kiboko.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Nakuomba, umeme uongezwe. Watoto wanatukimbia."

"Hautoshi? Basi tutagawa upya," Kiboko akasema. "Nitakata robo ya zamu ya Bondeni."

"Mzee wangu, kugawa si kuongeza!"

"Usinifundishe kazi!" Akazama. Blup!

Akaenda ikulu. "Mfalme wangu, tuko gizani."

"Giza? Giza gani?" Mfalme Tembo akatazama dari. "Mbona kwangu kunawaka?"

Bi Pimbi akarudi nyumbani analia, machozi mpaka kwenye sharubu. Njiani akasimama ghafla.

"Hee!" akasema. "Hawa hawajawahi kukatiwa! Watajuaje?"

Akaingia chumbani kwa Sikuzani. Kila siku alivifuta vumbi vitu vya mwanawe, na ndivyo pekee alivyobakiwa navyo. Akaishika feni, akaiachia. Akaishika tena. "Nisamehe, mwanangu," akanong'ona, akaikokota mpaka ikulu.

"Shikamoo, Mfalme."

"Marahaba. Nini hicho?"

"Zawadi. Naona masikio yako yanavyochoka kupepea. Hiki kitapepea badala yake."

Akachomeka. Vuuuu! Tembo akafumba macho. Masikio yakaelea.

"Ooooh! Bi Pimbi! Mbona nimeteseka miaka yote hii?"

"Ila, Mfalme, ikizimika, ujue kuna mtu anavuta umeme kwenye waya wako."

"Athubutu!"

Bi Pimbi akarudi mbio, akachukua pampu, akaipeleka kwa Kiboko.

"Mzee wangu, ukitoka bwawani ngozi inakukauka. Sasa kaa barazani kwako, kitu hiki kitakumwagia maji."

Chwaaaa! Kiboko akajigeuza kushoto, akajigeuza kulia, akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana.

"Ila ikizimika," Bi Pimbi akasema, "ujue kuna mtu anavuta umeme wako."

"Nitamtafuna!"

Kesho yake jua likawaka kweli kweli. Tembo akawasha feni. Vuuuu! Huko barazani kwa Kiboko, chwaa... tii. Pampu kimya. Kiboko akaipiga teke, akabonyeza, akabonyeza tena. Chwaaaa! Huko ikulu, vuuu... pu. Feni kimya.

"Aka!" Tembo akanguruma. Akabonyeza. Vuuuu!

Tii!

"Nani huyo?" Kiboko akabonyeza. Chwaaaa!

Pu!

Siku nzima, nyie. Wakubwa wawili walionja mgao kwa mara ya kwanza, na uliwawasha kuliko upupu.

Tembo ndiye aliyewahi Majabalini. "Bi Pimbi! Feni yako imekufa!"

"Haijafa, Mfalme. Ina njaa tu. Kuna mtu anakula nayo sahani moja."

"Nani?"

"Mimi mdogo, nitajuaje? Ngoja nimwombe Mzee Kiboko akupangie zamu. Asubuhi feni, mchana joto."

"Mimi? Nipangiwe zamu? Nisubiri foleni na Kobe?"

"Basi uwe na gurudumu lako mwenyewe. Lakini utahitaji mfereji mpya, upande wa mashariki wa mlima, na kuna mawe huko. Wanasema hayang'oki."

"Nani anasema hayang'oki?"

"Watu."

"Watu gani! Nipishe!"

"Na gurudumu liwe kubwa kiasi gani, Mfalme? La kutosha feni tu?"

Tembo akageuka, amekasirika. "Mfalme mzima na gurudumu la feni tu? Litakuwa kubwa kama ikulu!"

"Ewaa! Lakini chimba kimya kimya. Mkubwa haonyeshi kazi kabla haijaisha."

Vumbi la Tembo halijatua, Kiboko huyo, anahema. Bi Pimbi akampeleka upande wa magharibi. Naye akaambiwa kuna mawe yasiyong'oka, naye akauliza nani kasema, naye akaapa gurudumu lake litakuwa kubwa kuliko lolote chini ya jua.

Ikaanza kazi. Mashariki, ndi! ndi! ndi! Magharibi, gwa! gwa! gwa! Tembo akasimama, akatega sikio.

"Bi Pimbi, mbona kama kuna mtu anachimba huko nyuma?"

"Mwangwi wako huo, Mfalme. Unachimba kwa nguvu mpaka mlima unakuitikia."

"Eti eh?" Tembo akafurahi, akaongeza nguvu. Huko nyuma Kiboko naye aliambiwa vivyo hivyo, akafurahi vivyo hivyo. Msicheke sana, hata hapa kwetu wapo wa namna hiyo.

Mifereji ikaisha. Maji yakaingia, shwaaa! Magurudumu mapya mawili yakazunguka mpaka ardhi ikatetemeka. Feni ya Tembo ikala umeme, ikashiba, na uliobaki ukawa mwingi ajabu.

"Mfalme," Bi Pimbi akasema, "huu uliobaki upotee bure? Au tuvute waya mpaka majumbani, ili mtu akiwasha taa aseme, huu ni umeme wa Tembo?"

"Vuteni!"

Kwa Kiboko akasema hivyo hivyo, ila kwa jina la Kiboko. Pimbi wakapanda majabali na waya migongoni, wakavuta mashariki, wakavuta magharibi. Jioni moja Majabalini kukawaka, Bondeni kukawaka, na hakuna aliyevuma mbuuu. Kobe alinyoosha nguo zake zote, akaomba na za jirani.

Bi Pimbi akapanda jiwe lake, akageukia ng'ambo. "Mwanangu," akasema, "unaona?"

Akakaa siku hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata. Chakula cha wawili kiliendelea kupoa. Akaanza kuogopa. Labda kule amepata marafiki. Labda amesahau njia. Kuna kungoja kunakomchosha mtu kuliko kulima, na Bi Pimbi alichoka hivyo.

Mpaka asubuhi moja mlango ukafanya ngo! ngo! Akafungua. Ni Sikuzani, amekonda, mzigo kichwani.

"Mama, jioni ile niliona mlima wetu unawaka. Nikadhani moto umeshika msitu. Nikawa nangoja uzimike. Haukuzimika, Mama."

Bi Pimbi akamtua mzigo. Alimshika mtoto, akamgusa uso, akamgusa masikio, akalia kwa sauti bila kujali nani anasikia.

Mchana huohuo, huko mlimani, Tembo na Kiboko wakakutana ana kwa ana.

"Unafanya nini kwenye mlima wangu?" Tembo akauliza.

"Nimekuja kuona gurudumu langu! Kuna mtu alikuwa anazima pampu yangu."

"Pampu? Mimi kuna mtu alikuwa anazima feni yangu!"

Wakatazamana.

"Pampu ulipewa na nani?" Tembo akauliza polepole.

"Bi Pimbi. Na feni?"

"Bi... PIMBI!"

Ndi! ndi! ndi! Wakashuka Majabalini, masufuria yakaanguka rafuni. Tembo akaingiza mkonga mlangoni.

"Umetudanganya, wewe kitu kidogo! Umenichimbisha mimi, Mfalme! Leo hii utafunga mzigo, uhame nchi yangu!"

Bi Pimbi akatoka nje, akasimama mbele yao.

"Kweli, nimewadanganya. Nilikuja kwenu na machozi. Mmoja akaniambia atagawa upya, mwingine akatazama dari. Nilimtaka mwanangu, Mfalme. Kama ni kuhama nitahama, nimeshamwona."

Tembo akafungua kinywa, lakini ndani ya nyumba kitu kikaanza kunguruma: ng'rrrr.

"Nini hicho?"

Sikuzani akatokeza, mikono imejaa grisi. "Shikamooni. Ni mashine ya kujua mvua."

Kiboko akasogea. Mvua ndiyo inayojaza bwawa lake. "Inasemaje?"

"Bado haijasema, Mzee. Inahitaji umeme mwingi kuliko huu. Na kuna wenzangu kule ng'ambo wanauliza kama na wao watapata nafasi. Mwana wa Mnana ana mashine ya kufuma vitambaa. Mwana wa Kicheche ana ya kupoza dawa zisiharibike. Wanataka kurudi kwao."

"Tutawagawia," Kiboko akasema.

Wote wakamgeukia, mpaka na Kobe aliyekuwa dirishani. Kiboko akatazama chini.

Tembo akageuka kulitazama ziwa. Wajukuu zake wawili nao walikuwa ng'ambo ya ziwa, na ikulu ilikuwa na vyumba vingi vyenye taa zisizoangazia mtu. Alikuwa hajawahi kumwambia yeyote.

"Mzee Kiboko," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Naam, Mfalme."

"Kachukue jembe. Na mimi nipe moja."

Wakaondoka wote wawili kuelekea mlimani, na safari hii hawakuambiwa na mtu kwamba kuna mwangwi.

Bi Pimbi akaingia ndani, akapakua chakula cha wawili, na kikaliwa kingali cha moto.

Hadithi yangu naitua hapa, na maana yake ni hii: nchi isiyoongeza nguvu ya kuendeshea mashine itagawana mwanga kidogo kila siku, na wenye akili ya kuzibuni watakwenda kuziwasha kwa watu wengine.