Taya la Babu wa Nyani

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa na nini?

Pakawa na mfupa.

Mfupa wa nani?

Hapo sasa ndipo penye hadithi. Sogeeni, wanangu, msikilize.

Hapo zamani za kale, wanyama wote wa nchi kavu walikunywa maji kwenye chemchemi moja. Chemchemi hiyo ilitoka chini ya jabali kubwa, na katika nyufa za jabali hilo waliishi pimbi, wazazi na watoto, wamebanana kama maharage ndani ya ganda.

Chemchemi ilikuwa na watunzaji, nao hawakuchaguliwa kwa nguvu wala kwa ukubwa wa mwili. Ulipotokea ubishi, wanyama walifukua ardhi. Jamii ambayo mifupa ya babu zake ilikutwa chini kabisa, imekaa mpaka ikageuka mawe, hiyo ndiyo iliyoachiwa maji. Mifupa ya pimbi ilikuwa humo chini, midogo kama vijiti, mizito kama kokoto. Kwa hiyo pimbi walitunza maji, na hawakumzuia mtu kunywa.

Aliyepima mifupa alikuwa Bi Muhanga. Alikuwa na kucha za kufukulia na pua ndefu, na ulimi wake ndio usiseme. Upimaji wenyewe haukuwa siri. Mfupa mpya bado una mafuta. Ukiulamba, ulimi unateleza. Mfupa wa kale umekauka, una vitundu visivyoonekana kwa macho, una kiu. Ukiulamba, unaunyonya ulimi, unanata.

Zamani kila mnyama alilamba mwenyewe. Lakini Bi Muhanga alikuwa na ulimi mrefu kuliko wote, na hakukosea. Akisema unanata, basi unanata. Polepole wengine wakaacha kulamba.

Mwaka mmoja mvua ikakataa kunyesha. Majani yakakauka, maji ya chemchemi yakapungua, na Nyani akaanza kuchungulia lile jabali kila siku. Aliyetunza maji ndiye aliyekunywa kwanza.

Asubuhi moja Nyani akaja akikimbia, kifua mbele, amebeba kitu kilichofunikwa kwa majani. Akafunua. Lilikuwa taya, kubwa, jeusi kwa ukale, na ndani yake yamepangwa meno marefu ya nyani. Akawaambia wanyama kwamba amelifukua kando ya maji. Akasema babu zake walikuwa majitu, na majitu hayo ndiyo yaliyoichimba chemchemi kabla pimbi hawajazaliwa duniani.

Wanyama wakatazamana. Wakasema aitwe Bi Muhanga.

Nyani akamkaribisha nyumbani kwake kwa heshima zote. Akamwambia, "Dada yangu, utapimaje na njaa? Kula kwanza." Akamwekea kumbikumbi waliokaushwa tangu masika, wakachovywa kwenye asali. Nanyi mnajua muhanga na kumbikumbi. Tena ilikuwa kiangazi, na Bi Muhanga alikuwa hajala chakula cha maana kwa siku nyingi. Akala. Akalamba na chombo.

"Sasa lamba," akasema Nyani.

Bi Muhanga akalamba. Ulimi ukanata.

Akalamba mara ya pili. Ukanata.

Akalamba mara ya tatu, na mara hii Nyani alikuwa amekwisha kumwita kila jirani aje kuona. Ukanata.

Bi Muhanga akaenda barazani akasema alichokiona. Hakudanganya. Bibi Tembo, mkuu wa baraza, akasikiliza, kisha akatoa hukumu kwamba pimbi wahame jabali na nyani wachukue maji.

Mama Pimbi akasimama. Akaomba jambo moja tu, na yeye alilambe lile taya.

"Wewe umlambe babu yangu?" Nyani akamuuliza. "Hata adabu huna? Wewe mwenyewe ukisimama hunifikii gotini."

Wanyama wakacheka. Bibi Tembo hakucheka, lakini hakuwakemea. Bi Muhanga naye akainamisha pua.

Pimbi wakahama siku ile ile. Wakashuka jabali wakapita uwanda usio na ufa wala kivuli, wazazi pembeni, watoto katikati. Tai aliwaona toka juu. Wakakimbia, na mtoto wa mwisho wa Mama Pimbi hakujua bado kukimbia sawasawa. Tai akashuka, akapanda, akaenda zake.

Bi Muhanga alikuwa njiani, aliona. Akajiambia ni ajali. Akajiambia taya limenata.

Nyani akawa mtunzaji. Asubuhi wakanywa nyani. Mchana wakaoga nyani. Jioni wanyama wengine wakaruhusiwa, wakakuta tope. Watoto wa swala wakaanza kulegea miguu. Lakini Nyani hakusahau hata mara moja kumpelekea Bi Muhanga kumbikumbi wake kwenye asali.

Asubuhi moja Bi Muhanga alikula, akatoka kwenda kufukua. Njiani akainua kokoto jeupe ili ajaribu kama ni mfupa. Ulimi ukanata. Akaligeuza. Lilikuwa jiwe la kawaida, laini, limesuguliwa na mto.

Akasimama. Akalamba kipande cha kibuyu. Ukanata.

Akalamba ukucha wake mwenyewe. Ukanata.

Akautoa ulimi wote akautazama, unang'aa asali kutoka mwanzo hadi mwisho. Akakumbuka ile siku. Akakumbuka kwamba alikula kwanza.

Alikwenda moja kwa moja kwa Nyani, akamwomba alilambe tena lile taya. Nyani alikuwa amejilaza kando ya jabali, miguu ndani ya maji. Hakukasirika. Akamtazama tu, akajikuna.

"Dada, ukiwaambia mimi mwongo, wewe watakuita nani?" akasema. "Mimi nilileta mfupa. Aliyesema unanata ni wewe. Tai alipomchukua yule mtoto, ni neno la nani lililomtoa ndani ya ufa?"

Bi Muhanga akarudi shimoni kwake, akakaa humo. Ukisema, jina limekwenda. Ukinyamaza, jina litabaki, na kumbikumbi watakuja, na hakuna atakayejua. Akaligeuza jambo hilo huku na huku. Hata hivyo alipofumba macho alimwona yule mtoto asiyejua kukimbia.

Kumbikumbi wakaletwa. Akawarudisha. Akausugua ulimi wake kwa mchanga mpaka ukawasha, akashinda na njaa, kisha akaenda barazani.

Akasema mbele ya wote, "Nilikosea. Ulimi wangu ulikuwa na asali. Naomba taya lipimwe upya."

Kelele zikazuka. Ngiri akauliza kama muhanga siku hizi ana ndimi mbili. Wengine wakasema amenyimwa asali ndiyo maana analia. Nyani akasimama, akanyoosha mikono.

"Juzi kweli, leo uongo. Kesho je? Mimi ningekuwa nyinyi nisingemwamini tena."

Bibi Tembo akamgeukia Bi Muhanga, akamwambia, "Nyani ana hoja. Kama juzi ulikosea, nitajuaje kwamba leo hukosei?"

Bi Muhanga akajibu, "Usiniamini, Bibi. Wala usimwamini Nyani. Leteni taya, leteni na mifupa ya pimbi. Kila mmoja alambe kwa ulimi wake."

Nyani akasema babu halambwi na kila mpita njia. Bibi Tembo akamjibu kwamba babu anayewanyima wengine maji hana budi kulambwa. Akanyoosha mkonga wake, akalichukua taya.

Nyani akasema wote hapa wana kiu na wote wana chuki naye. Basi Bibi Tembo akamwita shangazi yake Nyani, bibi kizee aliyemlea, ndiye awe wa kwanza. Shangazi akasuuza mdomo. Akalamba mfupa wa pimbi, ukanata, akaubandua kwa kidole. Akalamba taya. Akarudia kulamba. Akamtazama Nyani.

"Umeteleza, mwanangu," akasema.

"Ulimi wako umezeeka, shangazi," akasema Nyani. "Umekufa ganzi."

Wakalamba wengine. Ukateleza, ukateleza. Lakini wako waliosema labda majitu yalikuwa na mifupa ya namna nyingine. Baraza likaanza kugawanyika.

Bi Muhanga akasema twendeni kando ya maji, kwenye shimo ambamo Nyani alisema amelifukua taya. Akafukua ubavuni mwa shimo la Nyani, kucha zikiruka. Wote wakaona udongo ulivyolala. Juu mweusi, katikati mwekundu, chini mweupe, kama nguo zilizokunjwa. Kisha akawaonyesha udongo wa ndani ya shimo la Nyani, chini ya pale taya lilipolala. Mweusi, mwekundu na mweupe, wote umevurugika pamoja mpaka chini. Akauliza, "Kama taya limekaa humu tangu enzi za babu, ni nani aliyeuvuruga udongo ulio chini yake?"

Nyani akasema ni yeye, alipokuwa anatafuta mifupa mingine. Jibu lilikuwa jepesi na lilitoka upesi. Baadhi ya wanyama wakatikisa vichwa kukubali. Bi Muhanga akaona mambo yanamponyoka. Ng'ambo ya shimo Mama Pimbi alikuwa amesimama peke yake.

Likabaki jaribio moja. Bi Muhanga akaomba moto.

Akaeleza kwamba mfupa uliogeuka jiwe haunuki motoni. Mfupa mpya una mafuta, lazima utanuka. Wakaweka mfupa wa pimbi juu ya makaa. Kimya, kama wameweka kokoto. Kisha Bibi Tembo akalisogeza taya.

Nyani akaruka kulinyakua. Ngiri, yule yule aliyeuliza habari za ndimi mbili, akamzuia kwa meno yake marefu.

Harufu ikapanda, harufu ya mfupa unaoungua, ambayo hakuna asiyeijua. Na kabla mtu hajasema neno, jino moja likachomoka. Likaanguka kwenye majivu. Likafuata la pili. La tatu likaning'inia kwenye uzi mrefu wa ulimbo ulioyeyuka, likazunguka, nalo likaanguka.

Lililobaki kwenye mkonga wa Bibi Tembo lilikuwa taya tupu la punda milia, limepakwa rangi ya magome. Meno walipoyaokota waliyakuta yamesuguliwa kwa jiwe ili yaingie kwenye matundu.

Shangazi yake Nyani akaokota jino moja. Akasema, "Hili la marehemu mume wangu. Nilimzika mwenyewe." Akaondoka bila kumtazama tena.

Nyani hakuuawa. Aliondolewa kwenye maji, akawa anakunywa wa mwisho, na kila alichokileta barazani kiligeuzwa mbele na nyuma na kila mtu. Mpaka leo nyani akiokota kitu hukigeuzageuza huku anachungulia pembeni kama kuna anayemtazama.

Pimbi wakarudi jabalini. Bi Muhanga akamfuata Mama Pimbi, akapiga magoti, akamwomba radhi. Mama Pimbi akasema, "Umesema kweli. Ila umeisema nikiwa na mtoto mmoja pungufu." Akaingia ndani ya ufa wake.

Bi Muhanga akamwomba Bibi Tembo amwondoe kazini. Bibi Tembo akakataa. Akasema ataendelea kupima, ila kuanzia sasa hakuna mpimaji atakayekula kwa mwenye mfupa, na kila atakachokipima kitapimwa tena na mwingine. Akasema pia kwamba kosa halikuwa la Bi Muhanga peke yake. Mama Pimbi aliomba kulamba, na baraza zima likacheka.

Ndiyo maana muhanga hang'ang'anii shimo lake. Hufukua, akaliacha wengine walipime, akaenda kufukua jingine.

Wanangu, funzo ni hili. Mwongo anaweza kumpata hata mtu mwenye ujuzi. Ujuzi haufi kwa sababu mjuzi amekosea. Unakufa pale anapokataa kupimwa tena, na pale sisi wengine tunapoona uvivu kupima. Na atakayeomba kuhakikisha, hata akiwa mdogo wa kutofika gotini, msimcheke. Mpeni alambe.

Hadithi yangu naiweka hapa katikati ya mkeka. Mwenye shaka nayo asuuze mdomo, aje aionje.