Mnyama Asiye na Mfupa

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wakati nyumba ya simba ilikuwa na mlango wa kupigia hodi na fisi alikuwa akivaa kofia siku za sherehe, kwenye majabali aliishi Bi Pimbi na wanawe. Mnamjua pimbi? Ni mnyama mdogo, mnene kidogo, hana mkia wa maana. Ukimwona kwa mbali utasema ni panya aliyeshiba. Lakini akili! Lo! Akili zilikuwa zimemjaa mpaka masikioni.

Chini ya majabali Bi Pimbi alikuwa na bustani. Alipanda mchicha, mihogo ya kisamvu, maboga, mipapai na mipera. Palikuwa na mndimu mmoja uliopinda, na katikati mfenesi mkubwa. Asubuhi alipalilia huku anaimba, na wanawe wakicheza ndani ya majani, mahali ambapo Fisi hakuweza kuwaona. Bustani ile ilikuwa chakula chao, na ilikuwa maficho yao.

Siku moja ngoma ikalia. Dum! Dum! Dum!

Fisi, mshauri wa Simba, akapanda juu ya kichuguu na kofia yake kichwani.

"Sikilizeni nyote! Kuanzia leo nyumbani kwa Bwana Simba ni nyama tu! Nyama asubuhi, nyama mchana, nyama jioni! Majani ni chakula cha wanaoliwa. Anayekula nyama ana nguvu, na anayekula matunda ana... ana..."

"Ana nini, Mjomba?" akauliza Bi Pimbi.

"Ana matunda tumboni!"

Wanyama wakaangua kicheko, kwa kwa kwa! Fisi akamtazama Bi Pimbi kwa jicho baya.

Mama Simba alikuwa mlangoni na fungu la mchicha mkononi, alitaka kuupika na nyama kama siku zote. Akautupa nje.

"Haya," akasema. "Tutaona."

Na kweli wakaona! Haukupita muda, tumbo la Simba likawa gumu kama ngoma. Hapati choo! Anakwenda kichakani, anachuchumaa, anajikamua, "Nggggh!" Anarudi vilevile alivyokwenda. Fizi nazo zikavimba, akitafuna mfupa anaacha damu. Zamani alikuwa akinguruma mpaka majani yanadondoka. Sasa akifungua kinywa inatoka sauti ndogo, "miau."

"Fisi!" akalia. "Ulisema nitapata nguvu!"

"Utapata, Bwana wangu! Kinachokuumiza ni harufu ya bustani ya Bi Pimbi, upepo unaileta mpaka puani mwako. Iamuru ing'olewe! Na dawa ya tumbo lililofunga naijua. Ni mafuta ya pimbi. Mama na watoto, wakaangwe pamoja." Fisi akameza mate, gluu!

Bi Pimbi akaitwa. Alipofika barazani, kikaango kilikuwa tayari juu ya mafiga. Lakini macho yake hayakukaa kwenye kikaango. Alizitazama fizi za Simba, akalitazama tumbo lake. Mwanawe mdogo aliwahi kuwa hivyo hivyo wakati wa kiangazi, majani yalipokauka. Bi Pimbi akajua ugonjwa, na dawa akaijua.

"Shikamoo, Bwana Simba."

"Marahaba. Umekuja kukaangwa."

"Nimesikia, Bwana. Lakini hebu nitazame. Mimi nina mafuta gani? Mtalazimika kuazima mafuta ya kunikaangia!"

Simba akacheka, "Ha ha... ai! Ai, fizi zangu!"

"Pole, Bwana. Kule kwangu majabalini kuna mnyama ambaye hujawahi kumla."

"Mimi? Nimekula wote!"

"Huyu bado. Hakimbii wala hapigi kelele. Ngozi yake ina vipele. Na hana mfupa hata mmoja!"

"Hana mfupa!" Simba akasimama wima. Mifupa ndiyo iliyokuwa ikimtesa kila akila.

"Nipe nafasi nikupikie mpaka mwezi uandame. Ukipona, mimi na wanangu tusiguswe. Usipopona, kikaango kile pale."

"Nimekubali!"

Fisi akaruka mbele. "Basi nitasimama jikoni nimwone huyo mnyama akipikwa!"

"Jikoni?" Bi Pimbi akashangaa. "Si mila ya nyumba hii, Mjomba, dume haingii jikoni?"

"Ndiyo mila yetu!" akasema Simba. "Baba yangu hakuingia. Babu yangu hakuingia. Wewe Fisi uingie kama nani?"

Fisi akarudi kuketi.

Jikoni, Mama Simba akafunga mlango, akashusha sauti. "Shoga, huyo mnyama ni nani?"

Bi Pimbi akafunua kikapu. Ndani mlikuwa na fenesi bichi, papai bichi, kisamvu, ndimu na mapera yenye moyo mwekundu.

Mama Simba akajiziba mdomo kwa kanga asicheke. "Mume wangu akijua atatumeza sote wawili pamoja na kikapu!"

"Lakini akila atapona, shoga."

"Basi pika! Nimechoka mimi kusikia Nggggh!"

Loo, kazi ikaanza! Kinu kikalia, twii, twii, twii, kisamvu kikawa laini. Kikachemshwa, kikachanganywa na nyama iliyosagwa, kikafinyangwa vidonge na kuchomwa mpaka nje pakawa peusi. Fenesi likapikwa, likachambuliwa nyuzi nyuzi, likalowekwa kwenye mchuzi wa nyama. Hata wewe ungelitazama ungesema ni mnofu. Nyama ngumu ikapakwa papai bichi, ikalegea yenyewe. Ndimu ikakamuliwa juu, chwii!

Simba akaonja kwa ulimi, halafu akatia kinywa chote. Nyam! Nyam! Nyam!

"Lahaula! Laini! Huyu mnyama alikuwa wapi siku zote? Na hiki kinywaji chekundu?"

"Ndiyo damu yake, Bwana," akasema Bi Pimbi, na mapera aliyoyakamua mwenyewe yalikuwa bado yananukia viganjani mwake. Akaficha mikono nyuma.

"Damu tamu kama hii sijapata kunywa!"

Akala leo, akala kesho. Mara, guru! Guru-guru-guru! Tumbo likaanza kuzungumza. Simba akaruka kutoka kitini, akakimbia kichakani, vyungu vikaanguka, kuku wakatawanyika. Wanyama wote wakasubiri, hakuna hata aliyekohoa.

"NIMEPATAAAAA!"

Ndege wakapaa! Nyani wakapiga makofi! Mama Simba akapiga vigelegele, "Ri-ri-ri-riii!" kana kwamba mwanawe anaolewa.

Tangu hapo Simba akawa akila na kuomba tena. Fizi zikanywea, damu ikakoma, manyoya ya shingoni yakaanza kung'aa.

Fisi hakulala kwa wivu. Mnyama gani huyu asiye na mfupa? Kule majabalini anapatikana wapi hasa, na yeye akamkamate amle peke yake? Mchana mmoja akajitanda kanga mpaka puani, akapiga hodi kwenye mlango wa jikoni kwa sauti nyembamba.

"Hodi, mashoga zangu! Nimekuja kuwasaidia kutwanga."

"Karibu, shoga," akasema Mama Simba. Kisha akatazama chini. "Eh! Mbona shoga yetu ana mkia?"

"Ni... ni ncha ya kanga!"

"Ncha ya kanga yenye kupe?"

Pa! Mwiko ukamshukia mgongoni. Pa! Pa! Fisi akatoka mbio, "Uwiii! Uwiii!" kanga imemzonga miguuni, akajikwaa na kubingirika mpaka barazani, mbele ya Simba mwenyewe. Kule jikoni hakuona chochote isipokuwa mwiko.

Mwezi ukaandama. Simba akafanya sherehe, akawaita wote. Akasimama, akajaribu sauti yake. GRRRRUUUUM! Majani yakadondoka kama zamani. Wanyama wakashangilia.

"Mmeniona!" akasema. "Fisi alisema kweli. Nyama tu! Mnyama asiye na mfupa ndiye aliyeniponya! Bi Pimbi na wanawe nimewaachia kama nilivyoahidi. Lakini ile bustani yake yenye harufu, Fisi, leo leo ukaing'oe!"

Fisi akacheka, "Hi hi hi!" Jembe alikuwa nalo tayari begani.

Maskini Bi Pimbi! Alikuwa ameomba uhai wao tu, bustani hakuiombea. Na bila bustani wanawe watajificha wapi? Ahadi au si ahadi, wangekuwa mlo wa Fisi kabla jua halijazama. Akajikuna sikio. Akajikuna la pili. Akapaza sauti.

"Bwana Simba, jambo moja tu! Yule mnyama wa dawa ana makao yake, na makao yenyewe hayana ulinzi. Yeyote anaweza kuyakanyaga, na akiyakanyaga mnyama amekwisha. Ukiugua tena nitakupikia nini?"

Simba akashtuka. Fisi naye akashtuka kuliko Simba, maana alikuwa bado hajamwonja.

"Haiwezekani!" akapiga kelele Fisi. "Apa, Bwana! Apa mbele ya wote! Atakayegusa makao ya mnyama huyo araruliwe!"

Na Simba alikuwa na kiapo kimoja tu ambacho hakirudi. Akashika sharubu zake kwa mkono wa kulia.

"Kwa sharubu zangu! Atakayegusa makao ya mnyama huyo, nitamrarua! Tupeleke, Bi Pimbi, kila mtu ayaone."

Wakaondoka wote, ngoma mbele, Fisi na jembe lake nyuma. Wakapita mtoni, wakapita kwenye vichuguu, wakafika kwenye majabali. Bi Pimbi akaingia bustanini, akapita kwenye mchicha, akasimama chini ya mfenesi. Akapigapiga fenesi moja kubwa lenye vipele, bu, bu, bu.

"Huyu hapa, Bwana. Hakimbii, hapigi kelele, hana mfupa. Na haya yote unayoyaona ndiyo makao yake."

Simba akalitazama lile fenesi, akamgeukia Bi Pimbi.

"Umenilisha MAJANI?" akanguruma Simba.

Bi Pimbi hakurudi nyuma. "Majani na matunda, Bwana. Na nyama yako ilikuwemo, sikukunyima. Nyama inajenga mwili, nani atakataa? Lakini tumbo limesukumwa na haya majani, na fizi zako zimeponywa na ndimu na mapera. Ulipokuwa ukila nyama peke yake, ulikuwa ukisema miau."

Mtu akacheka nyuma. Kisha mwingine. Mama Simba akamkaribia mumewe.

"Umeapa kwa sharubu, Baba Simba."

Simba akazigusa sharubu zake. Akaitazama bustani. Pale juu fenesi moja lilikuwa limeiva, harufu yake tamu inashuka polepole. Tumbo lake likasema, guru.

"Bi Pimbi," akasema kwa sauti ya chini, "huyu aliyeiva... naye analiwa?"

"Analiwa hivihivi, Bwana! Hapikwi hata!"

Simba akaketi chini ya mti, akala mpaka utomvu ukamganda kwenye sharubu. Alipomaliza, akageuka.

"Fisi, hilo jembe la nini?"

"La... la kung'olea, Bwana, ulisema mwenyewe..."

"Uguse makao haya nikurarue? Hilo ni la kupalilia! Anza na mchicha!"

Fisi akavua kofia, akainama. Alipalilia jua zima, na juu ya majabali watoto wa pimbi wakala mafenesi na kumtupia mbegu mgongoni, ta! ta! ta! wakicheka mpaka machozi.

Nami naishia hapo walipokuwa wakicheka, niwaambie hili moja: nyama kuleni mkiipata, lakini mboga na matunda msiyaache, kwa kuwa mwili haujengwi na chakula cha aina moja.