Dema Ndani ya Tangi la Marehemu

Sogeeni karibu, na anayependa kusinzia akae nyuma kabisa. Leo nina watu watatu, na kila mmoja alijaliwa kipaji chake.

Fundi Kombo alijaliwa mikono. Mpe ukuti, fito au waya, atakusukia dema ambalo samaki akishaingia anasahau alikopitia. Bi Mwanakheri alijaliwa elimu ya njaa. Miaka na miaka aliuza samaki sokoni, akajua kila mmoja anakula nini, wakati gani, na ukimnyima siku ngapi atatupa woga. Saumu, binti wa miaka ishirini, alijaliwa subira. Alikuwa na uwezo wa kukaa kutwa nzima na uzi mkononi bila hata kujikuna, wakati sisi wengine tungeshakwenda zetu kunywa chai.

Sasa kazi iliyowakutanisha. Mjini Tanga, katika mtaa wa Mwanzange, Mzee Sefu Mbarouk alikuwa na tangi kubwa la vioo sebuleni, limejaa maji ya bahari na mawe ya matumbawe. Majirani walimcheka, eti anafuga kitoweo. Hakuwajali. Maji aliyachota baharini kwa madumu, na jioni yeye na mkewe, Bi Tunu, walikaa mbele ya kioo wakitazama samaki wa rangi rangi kama wengine wanavyotazama tamthilia. Mwaka mmoja kabla ya kufa alitia humo chewa mdogo, samaki mla wenzake, wakati huo urefu wa kidole tu, akamzoesha kula mkononi mwake. Kisha akaugua ghafla, akafa. Chewa akaendelea kukua.

Bi Tunu akaingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, nguo nyeupe, hatoki, na mwanamume asiye maharimu wake hamwoni. Wenzake wa kukaa nao walikuwa wale samaki. Kila asubuhi aliwahesabu. Walikuwa kumi na mmoja, wakawa tisa, wakawa sita, na chewa akazidi kunenepa. Mwezi wa tatu ulipoisha, mbali na chewa mwenyewe, alikuwa amebaki mmoja tu, mdogo, wa manjano, ambaye marehemu alimwita Bizari.

"Wifi," Bi Tunu alimwambia Mwanakheri, dada wa marehemu, "huyu akiliwa nitakuwa nimemzika kaka yako mara ya pili. Na mara hii nitakuwa natazama."

Kumkamata chewa kwa wavu kulishindikana. Alijichimbia chini ya mawe, na mawe yale Mzee Sefu aliyapanga mwenyewe. Mjane hakutaka yaguswe. Ndipo akatoa ahadi wote wakisikia, Kombo akiwa nje barazani: "Atakayemtoa chewa, tangi ni lake. Mimi eda ikiisha nahamia kwa mama, Muheza, na huko bahari hakuna."

Wote watatu walilitaka, na walilitaka kwa mapenzi. Kwa Mwanakheri lilikuwa la kaka yake. Kwa Saumu lilikuwa la baba yake. Kombo naye ndiye aliyekuwa akifuatana na marehemu, maji yakipwa, kuwatafuta samaki wale kwenye vidimbwi vya mwambani. Hakuna aliyekuwa na haki ndogo kuliko mwenzake.

Kombo akaanza. Kwa sababu ya eda hakuruhusiwa kuingia sebuleni, akafanya kazi barazani, pazia limemtenga na tangi. Saumu alipima kwa uzi wenye mafundo, akamletea vipimo. Hakuliona tangi wala samaki, lakini siku ya pili alitoa dema dogo zuri la fito nyembamba, lenye mlango unaoanguka ukivuta uzi.

"Nimeacha matundu," alisema nje ya pazia. "Ndivyo wazee walivyotufundisha. Dema lisilomwachia mtoto wa samaki nafasi ya kupenya ni dhuluma."

Ndani, Bi Tunu aliitikia kwa kichwa. Baharini, ni maneno mazuri sana hayo.

Dema likatiwa majini na chambo ndani. Siku mbili chewa hakulijali. Hapo Mwanakheri akalitoa, akakichukua kikopo cha chakula na kukifunga kwenye upindo wa kanga yake. "Siku nne. Hata punje moja isianguke humo."

"Na Bizari je?"

"Naye atavumilia, wifi yangu. Wanakaa maji mamoja. Huwezi kumfungisha mmoja huku mwenzake anakula."

Siku ya tano alimenya kamba mmoja mnono, akamfunga ndani ya dema na kulirudisha majini. Saumu akakaa mkekani, uzi umezungushwa kidoleni. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikapita. Chewa alichungulia, akarudi, akachungulia tena. Mguu wa binti ulikufa ganzi na hakuusogeza.

Kumbe kulikuwa na mwenye njaa zaidi. Bizari alitoka pembeni, kwenye ufa mwembamba ambao chewa hakuweza kuuingia, akapenya kwenye tundu la dema, akaanza kumdonoa kamba. Bi Tunu aliinuka nusu.

"Mama, tulia," Saumu alinong'ona.

Chewa akatoka chini ya mawe. Wala hakumtazama yule kamba. Alimtazama Bizari, akaingia mlangoni mzima mzima, na Saumu akavuta uzi.

"Kaingia?" Kombo alipiga kelele barazani. "Dema langu hilo! Tangi langu!"

"Dema lako lilikaa siku mbili bure!" Mwanakheri alimjibu. "Ni njaa yangu iliyomtoa shimoni."

"Na uzi ulikuwa mkononi mwa nani?" Saumu aliuliza, huku akiliinua dema na kulitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya bahari.

Bi Tunu peke yake alikuwa akitazama mdomo wa chewa. Mkia wa manjano ulikuwa umechomoza. Chewa akameza mara moja, na mkia ukatoweka.

Walipoambiwa, maneno yakageuka.

"Mimi nilisuka tu," Kombo alisema, sauti imeshuka. "Aliyefunga mlango ndiye aliyemfungia na adui yake."

"Nisingevuta angemla vilevile, kisha angerudi chini ya mawe!" Saumu alikuwa analia. "Bizari aliingizwa na njaa. Nani alimnyima chakula?"

"Njaa haimpenyezi samaki pasipo na tundu," alisema Mwanakheri. "Muulizeni fundi."

Bi Tunu alipiga magoti kando ya ndoo. Chewa alipanda juu, akafungua mdomo, kama alivyokuwa akiufungulia mkono wa Mzee Sefu. Bi Tunu alimchukia kwa moyo wake wote. Na katika samaki wote aliowalisha mumewe, ni huyu tu aliyesalia.

"Niliahidi, na tangi nitalitoa leo," alisema bila kuinua macho. "Lakini dema lililomtoa chewa ndilo lililomuua Bizari. Atakayesema, 'Chewa nimemtoa mimi,' basi na Bizari kamuua yeye. Atalibeba tangi, atambeba na huyu aliyemo ndooni, amlishe au amchinje, mimi nisijue. Haya. Nataka jina moja, kwa zamu sikubali. Ni nani?"

Nje ya pazia Kombo alikuwa akiokota mabaki ya fito zake. Mwanakheri alikuwa akijifuta mikono yenye harufu ya kamba. Saumu alijaribu kuufungua uzi kidoleni, ukakataa.

Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Chewa bado anahema ndooni, na mjane anasubiri jina moja. Msiniambie watatu wapewe tangi kwa zamu, hilo alishalikataa. Je, wewe ungemtaja nani, na ungelitaja jina lake akiwa anakutazama?