Kanga Aliyefagia Bustani

Paukwa!

Pakawa!

Mliokaa karibu na chungu nimewasikia. Mlioegemea ukuta, bado. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko pamoja. Zamani, kale hasa, wanyama walikuwa wakilima, na kila nyumba ilikuwa na bustani yake ya mboga. Hapo palikuwa na Kanga. Kanga alikuwa na vifaranga wengi, na nyuma ya nyumba yake alikuwa na matuta ya mchicha, bamia na nyanya. Vifaranga walikula humo. Mboga zikistawi, wanashiba. Mboga zikifa, hawana kingine.

Na Kanga alikuwa msafi. Jamani, msafi! Alifagia uwanja, akafagia njia, akafagia mpaka kati ya matuta. Kukipambazuka tu, anashika ufagio wake wa chelewa, fya, fya, fya, huku akiimba:

Ufagio wangu, fya!
Bustani yangu, ng'ara!
Apitaye apite, asifu!

Nao waliopita walisifu. "Kwa Kanga, uji ukimwagika chini unaulamba bila wasiwasi." Kanga akisikia hivyo, shingo inarefuka.

Kikaja kiangazi. Mvua ikaenda zake, isiseme inarudi lini. Mto ukakauka. Kikabaki kisima kimoja, alichokichimba Mhanga kwa makucha yake. Mhanga akasema, "Kila nyumba kibuyu kimoja kwa siku. Atakayeiba maji, nampokonya kibuyu." Wote wakakubali.

Asubuhi Kanga anafagia, fya, fya, fya. Kisha anamwagilia. Ardhi inakunywa, fyoo! Jua likipanda, udongo unapauka. Likifika utosini, udongo unapasuka, ka! ka! Mchicha unainama. Nyanya zinadondoka zikiwa bado mbichi.

"Mama, mchicha umelala," wakasema vifaranga.

"Umechoka na jua, wanangu. Jioni utaamka."

Jioni ukaamka. Kesho yake ukaamka kwa shida. Siku zilizofuata, mwingine haukuamka tena.

Ng'ambo ya ua aliishi Bi Nungunungu, mzee, peke yake. Bustani yake, usiombe uione! Nyasi kavu, maganda ya kunde, majani ya migomba yaliyooza, vyote vimelala juu ya matuta, ardhi haionekani. Kila akipita, miiba yake inaburuta takataka nyingine, chakacha, chakacha, na kuziacha humo humo. Wanyama walicheka. Lakini katikati ya takataka hizo mchicha ulisimama, majani mapana, umenona.

Ngedere, aliyekuwa juu ya mti, akamwona Kanga akichungulia ng'ambo. Akaning'inia kwa mkono mmoja.

"Mama Vifaranga! Unaona ninachokiona?"

"Naona mchicha, kaka."

"Mimi naona maji. Bibi mgongo umepinda, kisimani anakwenda leo, kesho haendi, na bustani yake inacheka. Wewe hukosi hata siku moja, na bustani yako inalia. Hilo hata mkia wangu unalielewa."

"Unasema anaiba?"

"Mimi? Mimi sijasema. Nimekaa zangu mtini. Ila keshokutwa tunasafisha kisima, wote tutakuwapo. Mwenye neno atalisema."

Kanga akarudi kwake. Neno lile likamfuata mpaka ndani. Bibi akipokonywa kibuyu, ataishije? Lakini kama maji yanaibwa, vifaranga nao wataishije? Msimlaumu haraka. Alikuwa na watoto wenye njaa. Akafikiri, akafikiri, akaona kwamba kabla ya kusema mbele ya wenzake, aende akajionee. Atakwenda kumfagilia bibi bustani. Akifagia, ataona mitungi ya maji ilikofichwa.

"Hodi, bibi! Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ee, na ufagio mkononi!"

"Nimekuja kukufagilia bustani."

Bi Nungunungu akainamisha uso. "Umenistiri, mwanangu. Nilikuwa naona haya hata kukukaribisha. Tangu mgongo ulipokaza, kuinama siwezi. Fagia, Mungu akubariki."

Kanga akafagia, fya, fya, fya. Akainua nyasi. Akachungulia nyuma ya mgomba. Hakuna mtungi. Akafagia nusu ya bustani. Jua likazama, vifaranga wakaita, piii, piii. Akaenda zake.

Kesho yake, jua limepanda, akarudi kumalizia. Akasimama ghafla. Nusu aliyoifagia, mchicha umelala. Nusu aliyoiacha, mchicha umesimama. Bustani moja, mwenyewe mmoja, jua lile lile.

"Bibi, hapa ulimwagilia lini?"

"Juzi, mwanangu. Jana sikwenda kisimani, mgongo ulikataa. Lo! Huku kumepatwa na nini?"

Kanga akaparua nyasi kwa kucha, paru, paru. Chini, udongo mweusi, una unyevu, nyungunyungu anajikunja humo. Akaweka mguu. Baridi. Akaenda upande aliofagia, akaweka mguu. Moto! Akauinua upesi.

Akawaza asubuhi zake zote, fya, fya, fya, na mchicha wake uliolala.

"Bibi, nimekuharibia."

"Umenifagilia, mwanangu."

"Nimeivua nguo bustani yako, nikaiacha juani. Na kuna jingine. Sikuja kufagia. Nilikuja kutafuta maji. Nilidhani unaiba."

Miiba ya Bi Nungunungu ikasimama, chaaa! Ikakaa hivyo. Kanga hakukimbia. Kisha miiba ikalala, mmoja mmoja.

"Ungeweza kwenda kunisema," bibi akasema. "Ukaanza kuja kwangu. Hilo nalo nimeliona. Sasa nirudishie takataka zangu."

Kanga akarudisha, jani kwa jani, kwa mdomo wake. Alipomaliza akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, zikibaki, nami naomba."

"Takataka?" Bi Nungunungu akacheka mpaka miiba ikagongana. "Nimezeeka, sijawahi kuombwa takataka! Beba, mwanangu, beba!"

Jioni ile Kanga akatandaza majani makavu juu ya matuta yake. Akamwagilia chini yake polepole. Kisha akatazama. Bustani iliyosifiwa na wapita njia, sasa inafanana na jaa. Roho ikamuuma. Mkono ukataka ufagio. Akauzuia.

Ikafika siku ya kusafisha kisima. Walipomaliza kutoa tope, Ngedere akapiga makofi. "Mwenye neno aseme!" Akamkonyeza Kanga.

"Nina neno," akasema Kanga. "Maji yetu yanaibwa."

Mhanga akasimamisha masikio. "Na nani?"

"Na jua. Mimi ndiye niliyekuwa nikilifungulia mlango kila asubuhi, kwa ufagio wangu."

"Kwikwikwi!" Ngedere akashika mbavu. "Nimepita kwake leo, jamani! Kumekuwa jaa! Amemshinda hata bibi!"

Wote wakacheka. Shingo ya Kanga ikaingia mabegani. Kisha akaitoa.

"Jaa, ndiyo. Njooni mliguse."

Wakaenda. Mhanga akatia pua yake ndefu chini ya majani, nyef, nyef. Hakucheka tena. "Maji ya jana," akasema. "Yapo bado." Akatia pua mara ya pili, kama asiyeiamini pua yake.

Ngedere naye akatia kidole. Akakitazama. Akazoa kumbatio la nyasi kavu. "Hizi nakwenda kutandikia kitanda," akasema, na hakuna aliyemuuliza.

Mchicha uliokufa ulikuwa umekufa, haukurudi. Uliobaki ukainuka, jani moja, jani jingine. Bamia zikatoa maua. Vifaranga walikula kidogo, na zipo siku walilala hawajashiba. Lakini mvua ilipokuja, iliwakuta wote.

Sikilizeni basi, wakubwa na wadogo. Ardhi ina mwili kama sisi. Wakati wa jua kali ifunikeni, msiivue kwa kutaka sifa. Na ukimdhania jirani yako mwizi, nenda kwanza kwake, piga hodi, uguse ardhi yake kwa mguu wako mwenyewe, ndipo useme.

Hadithi yangu naishushia hapa. Aliyeipenda aibebe, aende nayo kwao.