Kapteni Amepanda Kiboko

Mwezi wa sita mashamba ya Bariadi huwa meupe pe. Pamba hupasuka na kutazama juu kama mawingu madogo yaliyochoka kutembea, yakaamua kupumzika ardhini. Vumbi la barabarani hupanda polepole, halina haraka, na mtu akitazama kwa mbali jua la saa kumi hudhani mji mzima unaelea. Katika mji huo, nyuma ya stendi, palikuwa na kibanda cha gemu cha bwana mmoja aitwaye Mahona. Kilikuwa na televisheni mbili, mabenchi manne na pazia la kitenge ambalo mke wake, Esteria, alilishona kwa mkono.

Gemu iliyopendwa kuliko zote iliitwa Ngome ya Mwisho. Ilikuwa na sehemu tatu, na sehemu zote tatu zilikuwa vita na majonzi. Kapteni alipoteza askari wake mmoja baada ya mwingine: leo tabibu, kesho mpiga tarumbeta, keshokutwa Sajini Mpishi, yule mnene aliyegawa maji yake jangwani akafa kwa kiu. Wanaume wazima waliotoka kuuza pamba waliingia pale wakalia kimyakimya, kisha wakasingizia vumbi. Mahona aliipenda gemu hiyo kama mboni ya jicho lake. Alisema hicho ndicho kitu pekee kinachosema kweli, maana hata humo wakubwa hukaa nyuma na wadogo hufa mbele.

Siku moja watengenezaji wa gemu ile walileta kipande cha nyongeza, bure kabisa, jina lake Sikukuu. Humo hamkuwa na risasi hata moja. Palikuwa na ziwa lililotulia kama maziwa ndani ya kibuyu, na kando yake askari wote waliokufa walikuwa wazima, wamevaa kaptula, wanavua samaki na kushindana kupanda viboko. Sajini Mpishi alipoanguka majini, kiboko wake alimgeukia akampigia saluti. Hakuna aliyeeleza wamefufukaje. Walikuwepo tu, kama watu wanavyokuwepo ndotoni.

Esteria alicheka mpaka akashika mbavu. Aliyemfundisha kucheza alikuwa Joakim, mkulima wa Mwamanyili. Ukoo wake na ukoo wa kina Esteria ni watani tangu enzi za mababu.

"Mtani, huyu kiboko mmezaliwa tumbo moja," Joakim alisema. "Tazama kiuno."

"Mimi naona anafanana na wewe siku ile ulipokataliwa posa," Esteria alijibu, ulimi umetokeza upande wa mdomo, macho hayabanduki kwenye kioo.

Wateja wakaangua kicheko. Mahona aliingia akawakuta hivyo, uso ukamkunjamana kama ngozi iliyoanikwa juani.

"Watu wamekufa kwa heshima, nyinyi mnawapandisha viboko!" alifoka. Akainyakua pedi ya kuchezea, akaifuta Sikukuu mbele ya macho yao.

"Shemeji, ni mchezo tu," Joakim alisema.

"Mchezo ndio unaoiua nchi hii! Wakubwa wanatuchezea, na nyinyi mnacheka. Mtani ana faida gani duniani? Ni punda asiye na mzigo. Toka, na usikanyage kwangu tena, hata nikifiwa!"

Usukumani mtani hutukanwa asubuhi, mchana na jioni, naye hufurahi, maana hutukanwa kwa kicheko. Kumtukana kwa hasira ni jambo jingine kabisa. Joakim aliokota kofia yake, akaipangusa vumbi, akaondoka. Tangu siku hiyo hakuonekana tena Bariadi.

Mvua za mwezi wa tatu zilipofika, Esteria alishikwa na homa kali. Zahanati ikasema apelekwe mbele, hospitali kubwa. Lakini daraja la kwenda huko mbele lilikuwa limezinduliwa mara mbili, utepe umekatwa, makofi yamepigwa, na halikuwa limejengwa hata mara moja. Gari la kukodi likasimama ukingoni kusubiri maji yapungue. Maji yalipungua kesho yake. Esteria hakuifikia kesho hiyo.

Waheshimiwa walifika msibani, wakatoa mchele na salamu, wakapiga picha, wakaondoka kabla maji hayajachemka. Mazishi yakapita mbele ya Mahona kama kitu kinachoonekana chini ya maji: watu wanafumbua midomo, sauti haifiki. Alipozinduka alikuta jambo moja tu lililo wazi. Mama yake Esteria, bibi Apolonia wa Nassa, alikuwa ameketi kwenye mkeka ukumbini, na hali chakula wala hanywi maji.

Siku ya kwanza watu walisema ni uchungu. Siku ya pili waliomba, wakabembeleza. Siku ya tatu midomo ya bibi ilikuwa imepasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi, na hata kulia hakulia. Alitazama ukuta tu.

Dada yake Mahona, Wilhelmina, alimwita kaka yake nje, karibu na zizi.

"Kaka, yule mama anaondoka. Tutachimba kaburi la pili kabla la kwanza halijakauka."

"Mbembelezeni."

"Sisi tunalia mbele yake, tunamzidishia. Wewe ni mkwe, huwezi hata kumtazama usoni. Mtu wa kumwambia neno la kipuuzi akalipokea ni mtani peke yake. Yuko wapi mtani wao? Msiba gani huu, siku tatu hakuna aliyecheka hata kwa bahati mbaya?"

Mahona aliinamisha kichwa. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha akatafuta bodaboda.

Mwamanyili ilikuwa kijani mpaka macho yanauma. Ndege yangeyange walisimama majarubani mwa mpunga, weupe, wametulia, kana kwamba kuna aliyewachora. Joakim alikuwa akipalilia, na punda wake amefungwa kando.

"Mwadila, Joakim," Mahona alimsalimu.

"Mwadila. Nani mwenzangu? Siku hizi macho yangu hayaoni waheshimiwa."

"Esteria..."

"Nilisikia." Joakim aliegemea jembe. "Nilimlilia hapahapa. Uliniambia nisikanyage hata ukifiwa, na mimi ni mtu mtiifu."

"Nilikosa, ndugu yangu. Mama hali chakula. Leo siku ya tatu. Akifa, nitakuwa nimemuua kwa ulimi wangu. Nakuomba."

Joakim alilitupa jembe kando.

"Mimi nimekusamehe," alisema. "Ila kuna huyu. Ulisema punda asiye na mzigo. Punda wangu kabeba mizigo tangu azaliwe, na habari ile imemuumiza sana. Muombe radhi."

Mahona alimtazama usoni akitafuta tabasamu, hakuliona. Akavua kofia. Akainama mbele ya mnyama. "Bwana punda, naomba unisamehe."

Punda alitikisa masikio.

"Amekubali, ingawa kwa shingo upande," Joakim alisema. "Twende. Na ukifika, washa ile mashine yako, ununue bando, uirudishe Sikukuu. Usiniulize kwa nini."

Jua lilikuwa limeshainama walipofika. Wanawake walishika vifua kuona televisheni ikiingizwa msibani. Joakim hakutoa pole. Alijitupa mkekani kando ya bibi Apolonia kama mtu aliyefika kwake.

"Kikongwe, unafanya hila gani? Unataka uwahi huko kwa wafu ukale peke yako, sisi tubaki na mchele wa waheshimiwa?"

Bibi alibandua macho ukutani kwa mara ya kwanza.

"Nani kamfungulia mlango fisi huyu?" alinong'ona.

"Shika hapa," Joakim alisema, akamwekea pedi mkononi.

Lile ziwa likafunguka kwenye kioo. Mwanga wake wa samawati ukawaosha wote usoni, na kuta za udongo zikawa kama zinapumua. Sajini Mpishi akapita taratibu juu ya kiboko, miguu yake ikiburura majini.

"Huyu mnene ni nani?"

"Sajini Mpishi. Alikufa jangwani kwa kuwapa wenzake maji."

"Alikufa?"

"Alikufa kabisa."

"Mbona basi anapanda kiboko?"

"Leo sikukuu, bibi. Wamepewa ruhusa kuja kucheza kidogo. Ikiisha, watarudi kuwa wamekufa vilevile. Hakuna aliyedanganywa."

Kidole gumba cha bibi Apolonia kilitafuta njia yake kwenye pedi. Kapteni akasogea, akapanda kiboko, akayumba. "Na mwanangu alikuwa anaujua mchezo huu?"

"Kuujua? Alianguka majini mara ishirini!"

Hapo umeme ukakatika. Ziwa, viboko na askari vikafyonzwa mahali pamoja, kikabaki kioo cheusi. Wenye swichi hawana haya hata msibani. Bibi alianza kuugeuza tena uso wake ukutani.

"Ngoja!" Joakim aliruka. Alivuta kinu kutoka pembeni, akakilaza, akakikalia. Akajifunga kitenge cha Esteria kilichokuwa kwenye kamba, akaishika pedi kwa mikono miwili, akatoa ulimi upande mmoja wa mdomo. Kinu kikabingirika. Joakim akaanguka chali, kitenge kikamfunika kichwa, na mguu wake mmoja ukapanda juu kupiga saluti.

Sauti ilitoka kwa bibi. Mwanzo walidhani ni kikohozi. Kisha ikapanda, ikavunjika, ikawa kicheko.

"Hivyohivyo!" alipiga kelele. "Ulimi hivyohivyo! Tangu mdogo, akitwanga, akichambua pamba, ulimi nje! Nikamwambia ulimi utaliwa na mchwa, Esteria!" Na machozi yaliyokuwa yamegoma siku tatu yakaporomoka, akawa analia na kucheka kwa pamoja, kama mvua inayonyesha na jua limetoka. Wanawake wote wakamfuata.

Baadaye alijifuta kwa ncha ya kanga. "Kiboko ana makalio mazuri kuliko yako, mtani. Leteni uji, koo limenikauka kwa kucheka upuuzi."

Akanywa kikombe kimoja. Akaomba cha pili.

Mahona alikuwa amesimama nyuma ya ukuta, mahali ambapo mkwe husimama, akisikia yote. Akamsikia bibi akiteremsha sauti: "Mtani, mpelekee mkwe wangu naye. Hajala tangu tuzike. Nadhani anafikiri simwoni."

Joakim alizunguka nje na bakuli lililofuka mvuke, akamkabidhi, kisha akatazama kando ili mwenzake alie kwa nafasi. Uji ulikuwa wa moto na hauna sukari. Mahona aliunywa wote, machozi yakidondokea ndani. Na hadi leo, anayetaka kubishana na wahenga aende nyuma ya stendi ya Bariadi akamuulize Mahona, naye atamjibu pasipo kusita: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.