Baba Aliyemwonea Wivu Fundi Cherehani

Mfikirieni, ndugu zangu, baba mmoja mkulima wa mpunga, mwenye binti wa miaka saba. Alasiri, akitoka shule, binti huyo alipitiliza nyumbani kwao hadi kwa jirani, mjane fundi cherehani. Baba akaanza kuhesabu: katika siku kumi na nne za shule, mara kumi na moja. Mkewe akamweleza kwamba mtoto amefundishwa darasani habari za kuongezeka kwa joto la dunia, naye anaogopa mto wao utakauka; hayo ndiyo anayoyazungumza na mjane. Baba hakulisikia neno hofu. Alichosikia ni kwamba mjane alijua kabla yake.

Mnaujua wivu wa namna hiyo? Humfanya mtu mzima ajifiche nyuma ya migomba kumpeleleza mwanawe mwenyewe.

Siku ya kumi na tano akawafuata hadi mtoni. Akawaona wakishusha majini futi ya kupimia nguo, mtoto akiandika tarakimu daftarini. Mtoto akauliza kama mto ule utakuwepo atakapokuwa mkubwa. Mjane akajibu kwamba hajui, na kwamba yeye pia huogopa. Kisha akamwambia aishike futi vizuri, isipinde.

Baba akajitokeza. "Jirani, umempa nini mwanangu hata anikimbie?"

"Sina cha kumpa," mjane akasema. "Tunapima. Maji yakipungua tunanung'unika pamoja, kisha tunapanda matete ukingoni. Nao bata wako wanayang'oa."

Baba akamgeukia binti. "Kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Nilikuuliza wewe kwanza, Baba. Mara tatu. Ulicheka."

Haya, ifanyeni hesabu hiyo nanyi. Mtoto alibisha hodi mara tatu, hakufunguliwa. Mara ya nne akabisha kwa jirani. Ni nani, basi, aliyemnyang'anya baba yule binti yake?

Nasi tuko hivyo hivyo. Tunawaonea wivu walimu na mashangazi kwa kuwa watoto wetu huwaendea wao. Hofu yao juu ya mvua zinazochelewa tunaiita utoto, ilhali macho yetu yameyaona mashamba yakikauka, na baadhi ya miti tuliikata sisi. Tunacheka kwa sababu jibu hatunalo. Lakini mtoto yule hata kwa mjane hakupata jibu. Alipata mtu wa kuogopa pamoja naye.

Ukirudi nyumbani leo, mtoto akakuuliza habari za mvua, usicheke. Huenda hiyo ni mara ya tatu.