Duka la Makovu

Hii imenifikia kwa mkono wa watu, nami naipitisha kwako. Ukimaliza kuisoma, usiibane. Huenda mlango wa pili yupo anayeihitaji kuliko wewe.

Alikuwapo mwalimu mmoja wa shule ya msingi, jina lake Nakijwa. Alikuwa mjane, na wanawe wawili walikuwa bweni, sekondari. Alipanga chumba katika nyumba yenye milango sita iliyotazamana, ua mmoja katikati, bomba moja, kamba moja ya kuanikia nguo. Moshi wa jiko la mmoja uliingia chumbani kwa mwingine, na kila mtu alijua mwenzake amepika nini.

Mshahara wa Mwalimu ulikatwa mkopo kabla haujamfikia. Uliobaki ulikwenda kwenye ada. Uliobaki tena ulikwenda kwenye kodi. Chakula kikagawiwa makombo.

Siku moja alikwenda kumtafuta fundi wa majiko, ng'ambo ya reli, nyuma ya maghala ya zamani. Hakumpata fundi. Alikuta duka.

Lilikuwa duka lisilo na kibao. Mwenyewe, Mzee Bakilana, alinunua mali ya maduka yaliyofilisika, na mali ya maghala iliyokaribia kuisha muda. Makopo yaliyobonyea. Biskuti zilizovunjika. Tambi za pakiti zilizochanika, zikafungwa upya kwa gundi ya karatasi. Mchele mzuri kabisa, ila mfuko wake ulilowa mvua ukafutika maandishi. Wateja wake waliliita wenyewe: Duka la Makovu.

Mzee Bakilana alikuwa na desturi yake. Kabla hajapokea pesa, alisoma tarehe kwa sauti, kitu kimoja kimoja.

"Maharage ya kopo, mwezi wa tisa. Mafuta, wiki tatu. Umesikia, mama? Wiki tatu. Usiende kuyatunza kama nguo za harusi."

Mwalimu alinyanyua kopo jingine. Mzee akampokonya, akalitupa kwenye pipa.

"Hilo limevimba."

"Na haya uliyoniuzia?"

"Hayo yamebonyea. Kopo lililobonyea limegongwa tu njiani. Lililovimba ni bovu, hilo hata mbaya wangu simuuzii."

Siku hiyo Mwalimu alirudi na chakula cha wiki mbili kwa pesa ya siku nne. Alikula akashiba. Mwezi uliofuata ada ilitimia, wanawe hawakurudishwa nyumbani. Kwa kweli kabisa, bila kuongeza chumvi, duka lile liliishika nyumba yake isianguke.

Lakini hakumwambia mtu.

Aliona aibu. Katika ua ule yeye ndiye aliyeandikiwa barua za ofisini, yeye ndiye aliyesuluhisha ugomvi wa zamu ya kufagia. Wakijua Mwalimu anakula vilivyokataliwa, alijisemea, wataniangaliaje?

Basi akafanya hila ndogo. Supamaketi kubwa ya barabara kuu iliuza mfuko mbadala wa kitambaa, wa kijani, wenye mikanda mirefu na jina la duka kifuani. Mwalimu akanunua mmoja. Kila Jumamosi aliukunja ndani ya mkoba, akavuka reli, akanunua kwa Mzee Bakilana, kisha nyuma ya ghala akahamishia kila kitu kwenye mfuko wa kijani. Akaingia uani kichwa juu.

Pale uani palikuwa na adabu ya siku nyingi. Mtu akirudi sokoni, wa kwanza kumwona humkimbilia na kumpokea mzigo. "Pole na mizigo, lete nikusaidie." Lakini anayepokea mzigo huuona. Mwalimu akaanza kukataa.

"Acha, mwenzangu, nimeshafika."

Wakazoea. Wakaacha kumpokea.

Mlango uliotazamana na wake ulikuwa wa Mama Haika, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mshonaji katika karakana ya sare za shule. Mumewe alikwenda machimboni, na simu yake haikupatikana tena. Alibaki na binti mmoja, Haika, mtoto wa darasa la nne, aliyesoma kwa Mwalimu Nakijwa mwenyewe.

Mama Haika alikuwa mcheshi. Akikuona umependeza atakutania mpaka ujifiche. Lakini alimheshimu Mwalimu kama dada mkubwa, na kila alichofanya Mwalimu, yeye alikitazama mara mbili.

Jumamosi moja, wakati wa kufua, alisogeza beseni lake karibu.

"Dada Mwalimu, nikuulize kitu? Usinicheke."

"Niulize."

"Hivi wewe unanunua wapi chakula? Maana mshahara wa ualimu tunaujua, na kodi tunalipa sawa. Mimi siku hizi sifiki mwisho wa mwezi. Wewe unafika, tena unanenepa!"

Akacheka. Mwalimu naye akacheka. Lakini macho ya Mama Haika hayakucheka, na Mwalimu aliona.

Neno moja tu lilitakiwa. Ng'ambo ya reli, nyuma ya maghala. Lilikuwa limeshafika ulimini.

Pale bombani walisimama wanawake wengine wawili, na ndoo zao, na masikio yao.

"Si pale pale supamaketi, mwenzangu," Mwalimu akasema. "Ni kujipanga tu. Na Mungu."

"Kujipanga," Mama Haika akarudia taratibu, akaendelea kufua.

Jumamosi iliyofuata Mama Haika aliingia uani na mfuko wa kijani. Umejaa, mkate mrefu umechomoza juu.

"Heee!" wakamshangilia. "Mama Haika naye kajipanga!"

"Mnadhani ni Mwalimu peke yake?" akajibu, akipita kwa madaha. Mmoja akanyoosha mkono ampokee mzigo. Mama Haika akaukwepesha. "Acha, mwenzangu, nimeshafika."

Mwalimu alisikia maneno yake mwenyewe katika kinywa cha mwingine. Akaona moyo wake umeingiwa na kitu kama wivu. Mshonaji, alijisemea, kumbe analipwa vizuri hivyo. Basi na mimi siwezi kuuacha mfuko wangu sasa.

Ikawa hivyo, wiki baada ya wiki, mifuko miwili ya kijani ikipishana uani. Na wale wawili wakapunguza kuzungumza, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kitu cha kuficha.

Mvua za masika zikaingia, zikakaa. Haika akaanza kusinzia darasani. Mwalimu akamsimamisha mara ya kwanza, akamsimamisha mara ya pili.

"Unalala saa ngapi wewe?"

"Mapema, Mwalimu."

"Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, Mwalimu."

Mwalimu aliamini. Aliuona mkate kwa macho yake kila Jumamosi, ungekosekanaje mezani?

Ijumaa moja, katikati ya hesabu za sehemu, Haika alisimama kujibu, akashika kona ya dawati, akaanguka. Hakupiga kelele. Alianguka kama nguo inavyotoka kwenye kamba.

Zahanati ilikuwa jirani. Mganga alimpima damu, akamvuta kope, akambonyeza miguu. Kisha akamwita Mwalimu pembeni.

"Huyu mtoto hana malaria. Hana homa. Ana njaa, Mwalimu. Na si njaa ya leo wala ya juzi."

"Haiwezekani. Mama yake ni jirani yangu. Wanakula."

Mganga akaandika kwenye kadi. "Damu haitoshi kabisa. Analala hapa, kesho tutaona."

Mama Haika aliitwa, akalala zahanati na mwanawe. Kesho yake, Jumamosi, Mwalimu aliwapelekea uji asubuhi, akakuta mama ametoka. Akarudi nyumbani. Saa sita akamwona Mama Haika anaingia uani, mvua imemlowesha, mfuko wa kijani begani, mkate umechomoza. Mtoto amelazwa, naye ametoka kununua, kwa kuwa Jumamosi watu hutazama.

Mara hii Mwalimu hakungoja. Akamfuata, akashika mkanda.

"Lete nikupokee."

"Acha, Dada."

"Lete, umechoka."

Wakavutana mlangoni. Mkanda ukamponyoka Mama Haika, na mfuko ukamjia Mwalimu mikononi kwa wepesi uliomyumbisha nusura aanguke. Akachungulia.

Juu palikuwa na mkate mmoja. Chini yake vilikuwa vitambaa: vipande vya sare za shule, mabaki ya kushonea, vimekunjwa vizuri, vimejazwa mpaka ukingoni.

Mama Haika akaufunga mlango nyuma yao. Wakabaki wawili, na mvua juu ya bati.

"Karakana ilifungwa," akasema. "Mwezi wa pili. Natoka asubuhi kwenda kufua nguo za watu mtaa wa juu, ili hapa msijue."

"Na mkate?"

"Ndio tunaokula. Siku tatu. Siku nyingine uji, nikipata unga."

Mwalimu alijikuta anafikiri jambo ambalo hakutaka kulifikiri: kwa bei ya mkate ule, Mzee Bakilana angempa kilo tatu za unga na biskuti za kuvunjika juu yake.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza. Sauti ilimtoka kali, kama ya darasani.

Mama Haika aliinua uso.

"Nilikuuliza, Dada. Pale kwenye kufua. Nilikuuliza unanunua wapi. Ukaniambia supamaketi, ni kujipanga tu. Nikaona basi, wote mnaweza, mimi peke yangu ndiye nisiyejua kuishi. Mtu wa namna hiyo anamwambia nani?"

Mwalimu akaketi kitandani bila kukaribishwa. Akamwambia yote: reli, maghala, makopo, kuhamishia nyuma ya ukuta.

"Tangu lini?"

"Miaka miwili."

 Mama Haika alichukua mfuko, akatoa mkate, akaviweka vitambaa pembeni kimoja kimoja. Mwisho akasema:

"Ungenitajia mtaa tu. Nisingekuomba hata nauli. Ningetembea."

Jioni ile Mwalimu alivuka reli, akarudi na mchele, maharage, mafuta na maziwa ya unga, akaviweka mlangoni kwa Mama Haika wazi, bila mfuko wowote, watu wakiona. Vilipokewa. Hakuambiwa asante, naye hakuingoja.

Haika aliruhusiwa Jumanne. Alhamisi, Mwalimu aliporudi kazini, chumba cha Mama Haika kilikuwa wazi na kitupu. Mwenye nyumba alikuwa anafagia.

"Amehama. Kasema anampeleka mtoto kwa bibi yake, milimani. Yeye anakwenda kufanya kazi za ndani mjini, mbali."

Likizo ilipofika, Mwalimu alifunga safari. Alibeba kilo kumi za mchele na daftari la Haika la hesabu. Alimkuta bibi anachambua mboga kizingitini, na Haika kando yake. Mtoto alikuwa ameongezeka mwili kidogo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye Mwalimu?"

"Ndimi."

Haika alipokea daftari kwa mikono miwili, akasema shikamoo akitazama chini, akaingia ndani. Hakutoka tena.

"Mama yake hajambo?"

"Anapiga simu mwisho wa mwezi. Mtoto hulala na simu kifuani siku hiyo." Bibi aliendelea kuchambua. "Ananiambia anakohoa, lakini hawezi kuja, tajiri wake hampi ruhusa mpaka mwaka uishe."

Wakakaa. Mwalimu alikuwa amekuja na maneno ya kuomba radhi, ameyapanga tangu stendi, lakini yalikuwa maneno ya mama yule, na mama yule hakuwapo.

"Hebu nieleze," bibi akasema, wala hakuwa na hasira. "Mliishi mlango kwa mlango?"

"Ndiyo, Bibi."

"Miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Mnatumia bomba moja?"

"Moja."

Bibi aliweka mboga chini, akamtazama usoni kama mtu anayetaka kweli kuelewa.

"Miaka mitatu, mwanangu. Na hamkuambizana mchele unauzwa wapi?"

Mwalimu Nakijwa aliziokota mboga, akaanza kuzichambua yeye. Alikuwa amefundisha miaka kumi na tisa.

Funzo: Aibu unayoificha kwa jirani yako inaweza kuwa ndiyo riziki anayoitafuta; ukipata pa kununua nafuu, mtajie mwenzako leo, maana wewe utapoteza sifa ya siku moja tu, lakini yeye, usipomwambia, anaweza kupoteza nyumba yake na mwanawe.